Jamaa Aliyepindua Ndege Kwanza Duniani Alipewa Siku 10 Ndani

Unazionaga hizo Cessna 172 zikitoka Wilson? Usimwambie rubani akupindue kichwa chini. Haijaidhinishwa kwa sarakasi: imepimwa kuvumilia mara 3.8 ya uzito wake, na ya sarakasi hupimwa mara 6. Ndogo yake, 152 Aerobat, hiyo ndiyo ina ruhusa.

Sasa cheki Pyotr Nesterov, mwanajeshi Mrusi, mzaliwa wa 1887. Enzi zake hakukuwa na kitabu cha kusema ndege ipi inaruhusiwa. Alipiga hesabu zake mwenyewe, watu wakamcheka. Septemba 9, 1913, huko Kyiv, akapaa na Nieuport ya jeshi, akachora duara nzima angani, akatua fiti. Hakuna msee alikuwa amewahi. Wakubwa wakamfungia siku 10 kwa kuhatarisha mali ya serikali. Noma! Siku 12 baada ya ile duara, Mfaransa Adolphe Pégoud naye akaipiga, Ulaya ikamshangilia. Hapo ndipo Warusi wakashtuka, wakampandisha Nesterov cheo.

Septemba 8, 1914, vitani, aligonga ndege ya Austria makusudi. Hakuna aliyepona. Alikuwa na miaka 27.