Papa Simon Kimbangu: Upendo wa Mungu katika Miaka 30 ya Kifungo



Hapa Goma kuna swali ambalo sisi mashemasi tunakutana nalo karibu kila nyumba yenye msiba. Kama Mungu ni upendo, kwa nini anatuacha tuteseke namna hii? Waliliuliza wale ambao moto wa Nyiragongo ulimeza nyumba zao Januari 2002, na tena Mei 2021. Waliliuliza wale waliozika watu wao wakati vita vilipoingia mjini mwishoni mwa Januari 2025. Mtu anayeuliza hivyo tusimkemee. Ayubu naye aliuliza, na mwisho Mungu aliwakemea rafiki zake, si yeye.

Leo tutazame maisha ya mtumishi wa Mungu ambaye jina lake twalijua sote, lakini mateso yake mara nyingi tunayapita haraka.

Simon Kimbangu alizaliwa Nkamba, katika nchi ya Wakongo, chini ya Mto Kongo, mwaka 1887. Alifundishwa na misionari Wabatisti kutoka Uingereza, akabatizwa mwaka 1915 pamoja na mke wake, Mama Marie Mwilu. Mungu akawajalia watoto watatu wa kiume: Kisolokele, Dialungana na Diangienda.

Mwaka 1918 ugonjwa mkubwa wa mafua ulizunguka dunia yote, na katika Kongo uliua watu wengi sana. Ni katika wakati huo wa makaburi ndipo Kimbangu aliposikia mwito wa kulichunga kundi la Kristo. Hakuupokea kwa furaha. Aliona kwamba hana elimu ya kutosha na kwamba wako wengine wanaofaa zaidi. Akakimbilia Kinshasa kutafuta kazi, kama Yona alivyokimbia. Lakini mwito ulimfuata mpaka akarudi kwao.

Tarehe 6 Aprili 1921, katika kijiji cha Ngombe-Kinsuka, alimwekea mikono mwanamke mgonjwa kwa jina la Yesu, naye akapona. Habari zikaenea upesi. Watu wakaja Nkamba kwa maelfu, wengine wamebebwa. Aliwahubiri watupe sanamu za uchawi, waache ndoa za wake wengi, wamwamini Kristo. Makazi yakabaki bila wafanyakazi, na serikali ya Wabelgiji, ile watu waliyoiita Bula Matari, ikaingiwa na hofu. Tarehe 6 Juni askari walikuja kumkamata, naye akawaponyoka.

Ndugu, tusimame kidogo hapa. Mtu huyu alikuwa huru, amefichwa na watu waliompenda, na askari hawakumpata. Lakini tarehe 12 Septemba 1921 alirudi Nkamba mwenyewe akajitoa mikononi mwa wakubwa. Tangu siku ya uponyaji wa kwanza mpaka siku hiyo ilikuwa miezi mitano tu.

Alipelekwa Thysville, mji tunaouita leo Mbanza-Ngungu, mbele ya baraza la askari. Hakupewa mtetezi. Tarehe 3 Oktoba 1921 alihukumiwa fimbo 120 na kifo. Kosa lake lilikuwa kuvuruga usalama wa serikali, yeye ambaye hakuwahi kushika silaha. Baadhi ya misionari Waprotestanti walimwombea rehema, na mfalme Albert wa Ubelgiji akaibadili hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha. Wakampeleka Elisabethville, yaani Lubumbashi, zaidi ya kilometa 1,500 kutoka kwao. Wakati huo mtoto wake Diangienda alikuwa na miaka mitatu.

Alikaa gerezani miaka 30. Alifariki humo tarehe 12 Oktoba 1951, bila kurudi tena Nkamba akiwa hai.

Hapa ndipo penye uzito, wapendwa. Katika kitabu cha Matendo, sura ya 16, milango ya gereza ilifunguka kwa Paulo na Sila usiku mmoja tu. Kimbangu aliamini Mungu yule yule, akaomba kwa jina lile lile, na mlango haukufunguka. Wengi waliponywa kwa maombi yake, na yeye mwenyewe akabaki katika minyororo. Tutasema nini? Kwamba Mungu alimpenda Paulo kuliko Kimbangu? Tusome sura ya 12 ya kitabu hicho hicho. Herode alimwua Yakobo kwa upanga, halafu malaika akamtoa Petro gerezani. Wote wawili walikuwa mitume, na Bwana aliwapenda wote wawili. Basi kufunguliwa si kipimo cha upendo wa Mungu, wala kufungwa si alama ya kwamba ametuchukia.

Tena tusiseme kwamba Mungu ndiye aliyetaka fimbo zile. Waliotaka ni watu. Hukumu iliandikwa na watu, na ufunguo ulikuwa mkononi mwa watu. Hapa kwetu mtu anapouawa na bunduki, mara nyingi tunaharakisha kumwambia mjane kwamba ni mapenzi ya Mungu. Tuwe na woga kusema hivyo. Tusimtwike Mungu dhambi za wanadamu, maana mjane akiamini kwamba Mungu ndiye aliyemwua mume wake, atamlilia nani?

Basi Mungu alifanya nini katika miaka hiyo 30? Hakuwaacha watu wake. Mama Mwilu aliwaongoza waamini kwa siri, akiwa amenyang'anywa mume. Wafuasi wengi walihamishwa kwa nguvu mbali na kwao, wengine mpaka Lowa, kwenye Mto Lualaba. Serikali ilidhani inalizima neno, kumbe inalibeba mpaka upande huu wa nchi. Tarehe 24 Desemba 1959 kanisa lao lilipata ruhusa mbele ya sheria, likiongozwa na yule mtoto wa miaka mitatu. Aprili 1960 mwili wa Papa Kimbangu ulirudishwa Nkamba. Mwaka 2011 mahakama ya kijeshi ilifuta hukumu ile ya 1921, miaka 90 baadaye. Na mwaka 2023 nchi yetu iliifanya tarehe 6 Aprili kuwa sikukuu ya taifa kwa ajili yake.

Hata hivyo tusidanganyane kwamba mambo haya yalifuta machozi. Kimbangu hakuyaona. Mama Mwilu alifariki Aprili 1959, miezi michache kabla ya ruhusa ile. Wako miongoni mwetu watakaokufa kabla ya kuona amani katika Kivu. Imani haituahidi kwamba tutaiona kwa macho haya. Inatuahidi kwamba yule aliyesulubiwa bila kosa anayajua maumivu yetu, na kwamba kaburi halina neno la mwisho.

Kwa hiyo, wapendwa, mtu akikuuliza Mungu yuko wapi, usimpe hotuba. Kaa naye chini. Mpelekee unga. Mtembelee aliye gerezani, ambaye ndugu zake hawawezi kufika. Upendo wa Mungu ulimfikia mfungwa wa Elisabethville nyuma ya mlango uliofungwa. Utamfikia jirani yako pia, na huenda Mungu ataipitisha mikono yako.

Bwana awabariki na kuwalinda. Amina.