Laurens Hammond: Fundi saa aliyeunda kinanda asichojua kukipiga

Kwenye njia ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, mpagazi alibeba kilo 30 hivi. Kinanda cha umeme cha Hammond B-3, pamoja na benchi na pedali zake, kina karibu kilo 190. Hesabu wapagazi mwenyewe.

Siku hizi kingepanda treni tu. Ila kikishuka Tabora na kuchomekwa, kama kiliundwa kwa umeme wa Marekani, kwaya itashangaa: wimbo wa Do unatokea karibu na La ya chini. Kisa? Saa za ukutani.

Laurens Hammond alizaliwa Evanston, Illinois, Januari 11, 1895. Alisomea uhandisi Cornell, akahitimu 1916, kisha akaingia biashara ya saa. Saa zake zilikuwa na mota inayofuata mapigo ya umeme: 60 kwa sekunde kule Marekani. Huku kwetu ni 50. Transfoma inashusha volti, lakini mapigo haiyagusi.

Miaka ya 1930 uchumi wa dunia ukaanguka, saa zikadoda. Hammond akajaribu hadi meza ya kugawa karata. Mwaka 1933 akanunua piano kuukuu, akabakiza vibao vyake tu. Mota ileile ya saa akaifanya izungushe magurudumu ya chuma yenye meno mbele ya sumaku zilizozungushiwa waya, na kila gurudumu likatoa sauti yake. Hataza akapata 1934, mauzo yakaanza 1935. Makanisa yasiyo na pesa ya kinanda cha mabomba yakachangamka. Na jamaa mwenyewe wala hakuwa mpiga kinanda!

Vile vikubwa, kama B-3 iliyotoka 1954, havina spika ndani. Sauti inatoka kwa waya kwenda kwenye kabati la pembeni. Hapo ndipo Don Leslie, fundi wa California, alipopenya. Alitengeneza kabati la spika ambalo sauti yake inazunguka, akampelekea Hammond. Hammond akakataa. Wauzaji wake wakazuiwa kuuza makabati hayo, na viunganishi vikabadilishwa ili Leslie asipate pa kuchomeka. Kazi bure. Wapigaji wa jazi na injili walimfuata Leslie, na mlio wanaouita wa Hammond, kwa wengi, ni wa wote wawili.

Waya huohuo ndio anaouhitaji fundi anayetaka kuingiza kinanda cha zamani kwenye mixa ya kwaya. Asiuchomeke moja kwa moja, maana sauti inayotoka hapo ina nguvu kupita mixa inavyotaka. Inapunguzwa kwa resista, kisha inapitishwa kwenye transfoma ndogo ya sauti ili kinanda na mixa visigusane kiumeme. Halafu mle ndani mna taa za zamani, zile za redio za mababu, zenye volti zaidi ya 200. Kapasita zake zinaweza kubaki na umeme hata plagi ikishachomolewa. Hapo unaita fundi anayezijua, hujaribu jaribu.

Hammond alistaafu 1960, akafariki Julai 1973, akiwa na miaka 78. Mwaka 1980 kampuni yenye jina lake ikainunua biashara ya Leslie.