Billroth: Mpasuaji aliyetangaza vifo vya wagonjwa wake

Kila matokeo ya mitihani yanapotangazwa humu nchini, aghalabu huwaona walimu wakuu wakibebwa mabegani huku nyimbo zikihanikiza. Ni nadra mno kumwona mwalimu akijitokeza kueleza ni wanafunzi wangapi walioanguka mikononi mwake, na kwa nini. Desturi hii ya kuanika mazuri na kuyafunika mabaya si ya walimu pekee, wala haikuanza jana. Katika karne ya kumi na tisa ilikuwa imeota mizizi miongoni mwa wapasuaji wa Ulaya. Mmoja wao aliikaidi, na maisha yake yanastahili kusomwa na kila anayefundisha na anayefundishwa.

Theodor Billroth alizaliwa tarehe 26 Aprili 1829 katika mji wa Bergen, kisiwani Rügen, kaskazini mwa Ujerumani ya leo. Babake alikuwa mchungaji wa kanisa, naye alifariki kwa kifua kikuu mwanawe akiwa na umri wa miaka mitano tu. Shuleni kijana huyu hakuwa hodari. Moyo wake ulikuwa kwenye piano, na lau si ushawishi wa mamake angeishia kuwa mwanamuziki. Alisomea utabibu Greifswald, kisha Göttingen, na hatimaye Berlin alikohitimu mwaka wa 1852. Hata hivyo, muziki hakuutupa. Mtunzi mashuhuri Johannes Brahms alikuwa sahibu yake, na mwaka wa 1873 alimtunukia tungo mbili za ala za nyuzi.

Mwaka wa 1860 Billroth aliteuliwa kuwa profesa wa upasuaji mjini Zürich, Uswisi. Zama hizo, mpasuaji aliyefanikiwa kumponya mgonjwa mmoja alikimbilia kuandika makala, lakini waliomfia alizikwa nao ukimya. Billroth alikusanya kumbukumbu za wagonjwa wote waliopita wodini mwake hadi mwaka wa 1867, kisha akazichapisha. Waliopona aliwataja, na waliokufa aliwataja pia, pamoja na sababu za vifo vyao. Isitoshe, alijitahidi kujua hali ya wagonjwa baada ya kurudi makwao, kwa maana kutoka hospitalini si sawa na kupona. Kwake yeye, hesabu iliyoachwa nusu ilikuwa uongo, na uongo huo ungemuua mgonjwa wa daktari mwingine atakayeuamini.

Mwaka huo wa 1867 alihamia Chuo Kikuu cha Vienna, Austria, na huko ndiko jina lake lilikovuma. Viungo vya ndani ya tumbo viliogopwa sana na wapasuaji wa enzi hiyo, na saratani ya mfuko wa chakula ilikuwa sawa na hukumu ya kifo. Jules Péan wa Ufaransa alijaribu kuikata mwaka wa 1879, naye Ludwik Rydygier wa Poland akajaribu mwaka wa 1880. Wagonjwa wao wote wawili walifariki. Billroth hakukurupuka. Miaka kadhaa kabla ya hapo, wasaidizi wake walikuwa wamewafanyia mbwa majaribio, wakathibitisha kwamba sehemu ya mfuko wa chakula ikikatwa, kilichobaki chaweza kushonwa na utumbo na jeraha likapona.

Tarehe 29 Januari 1881 alimpasua Therese Heller, mama mwenye umri wa miaka 43, ambaye uvimbe ulikuwa umeziba njia ya chakula hata kila alichokula akakitapika. Akiwa chini ya nusukaputi, mama huyo alikatwa sehemu ya chini ya mfuko wa chakula iliyokuwa na saratani, kisha sehemu iliyosalia ikaunganishwa na utumbo mwembamba kwa nyuzi za hariri. Jeraha lilipona, na akaweza kula tena.

Hapa ndipo wasimuliaji wengi wa kisa hiki hukomea, lakini Billroth mwenyewe hakukomea hapo. Baada ya takriban miezi minne Therese alifariki, kwani saratani ilikuwa imekwisha kusambaa. Wagonjwa wawili waliofuata walikufa pia. Yote hayo yaliwekwa wazi. Kwa kuwa makosa yalijulikana, yaliweza kurekebishwa. Mwaka huo huo msaidizi wake Anton Wölfler alibuni njia ya kuupitishia chakula kando uvimbe usioweza kukatwa, na mwaka wa 1885 Billroth akabuni namna ya pili ya operesheni yake. Hadi leo wapasuaji ulimwenguni huziita mbinu hizo mbili kwa jina lake. Wanafunzi wake, wakiwemo Czerny na Mikulicz, walikuja kuwa maprofesa katika vyuo mbalimbali, wakaeneza tabia ya mwalimu wao pamoja na ufundi wake.

Haifai, hata hivyo, kumsifu mtu huyu kwa kumfanyia kinyume cha alivyofundisha. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1876 kuhusu ufundishaji wa utabibu, aliwadharau wanafunzi maskini wa Kiyahudi waliomiminika Vienna, akashikilia kwamba Myahudi hawezi kuwa Mjerumani kamili. Wanafunzi wenye chuki waliyadaka maneno hayo na fujo zikazuka chuoni. Baadaye, katika miaka ya 1890, alijiunga na chama kilichopinga chuki dhidi ya Wayahudi, lakini neno likishatoka halirudi kinywani, wala halishoneki kwa uzi wa hariri. Kalamu ya mwalimu, kama kisu cha mpasuaji, ina majeruhi wake.

Billroth alifariki tarehe 6 Februari 1894 huko Abbazia, mji ambao leo huitwa Opatija, nchini Croatia. Amewaachia walimu wa kila taaluma daftari lenye safu mbili, ya waliofaulu na ya walioanguka. Mficha maradhi kifo humuumbua, na shule inayoficha walioanguka haina budi kuwaangusha wengine mwakani.