Booker T. Washington, Mwalimu wa Walimu

Mwalimu mpya anapotoka chuoni, watu humtazama. Wanataka kujua kama anafahamu kusoma, kuandika na hesabu. Lakini hayo peke yake hayatoshi. Mwalimu anatakiwa pia awe safi, awafahamu watu anaowafundisha, na asione haya kushika jembe. Hayo ndiyo aliyoyataka Booker T. Washington kwa kila mwalimu aliyemfundisha. Tusome habari za maisha yake.

Utoto wake

Booker alizaliwa mwaka 1856 katika jimbo la Virginia, nchini Marekani. Mama yake, Jane, alikuwa mtumwa, mpishi wa bwana mwenye shamba. Kwa hiyo Booker naye alizaliwa mtumwa. Walikaa katika kibanda chenye sakafu ya udongo, na watoto walilala chini juu ya matambara.

Mwaka 1865 watumwa wa Marekani walipata uhuru. Jane na watoto wake walihamia Malden, katika jimbo la West Virginia, alikokuwa mumewe. Huko Booker alifanya kazi katika tanuri za chumvi, ingawa alikuwa bado mtoto. Baadaye alifanya kazi katika machimbo ya makaa ya mawe.

Mapipa ya chumvi ya baba yake wa kambo yalitiwa alama ya 18. Hayo ndiyo maandishi ya kwanza aliyoyajua Booker. Mama yake hakujua kusoma, lakini alimtafutia kitabu cha alfabeti. Booker alijifunza usiku, baada ya kazi. Aliporuhusiwa kwenda shule mchana, ilimbidi kwanza afanye kazi tangu alfajiri mpaka saa tatu asubuhi.

Mtihani wa ufagio

Mwaka 1872 Booker alikwenda kutafuta nafasi katika chuo cha Hampton, Virginia. Chuo hicho kilifundisha vijana Weusi ili wawe walimu. Safari ilikuwa ya maili 500 hivi, na fedha zilimwishia njiani. Katika mji wa Richmond alilala nje, chini ya njia ya mbao ya wapita kwa miguu. Mchana alipakua mizigo melini ili apate chakula.

Alifika Hampton akiwa na senti 50 tu. Nguo zake zilikuwa chafu. Mwalimu aliyepokea wanafunzi alikuwa mwanamke. Hakumkubali, wala hakumkataa. Baada ya saa kadhaa alimpa ufagio, akamwagiza afagie darasa moja. Booker alilifagia mara tatu, akafuta vumbi mara nne. Mwalimu alikuja akapangusa mbao za ukuta, meza na mabenchi kwa leso yake. Hakuona vumbi hata kidogo, akampokea. Booker alisoma hapo miaka mitatu, akilipia chakula chake kwa kazi ya usafi.

Mwaka 1875 alirudi Malden kufundisha. Alianza saa mbili asubuhi, na mara nyingi alimaliza saa nne usiku. Usiku walikuja watu waliofanya kazi mchana kutwa, nao walikuwa wengi kama wanafunzi wa mchana. Aliwafundisha kusoma. Aliwafundisha pia kuoga, kuchana nywele na kupiga mswaki.

Chuo cha Tuskegee

Mwaka 1881 Booker aliitwa Tuskegee, katika jimbo la Alabama, aanzishe chuo cha walimu. Serikali ya jimbo ilitoa dola 2,000 kwa mwaka kwa mishahara ya walimu tu. Kiwanja hakikuwapo, wala nyumba.

Kabla ya kufungua chuo, Booker alizunguka vijijini kwa mkokoteni wa nyumbu. Alikula na kulala katika nyumba za wakulima. Aliona pamba imelimwa mpaka mlangoni, na hakuna bustani ya mboga. Katika nyumba moja aliona kinanda cha dola 60 kilichonunuliwa kwa mkopo. Mezani walikaa watu watano, na uma ulikuwa mmoja. Hapo alifahamu kwamba mwalimu wa vijiji hivyo lazima ajue kilimo, usafi na matumizi ya fedha, pamoja na vitabu.

Chuo kilifunguliwa tarehe 4 Julai 1881 kwa wanafunzi 30. Wengi wao walikuwa wamekwisha kufundisha. Jengo lilikuwa bovu. Mvua iliponyesha, mwanafunzi mmoja alimshikia Booker mwavuli ndani ya darasa.

Baadaye walinunua shamba la zamani la ekari 100 kwa dola 500. Booker alitaka wanafunzi wafyeke pori. Wengi walinung'unika. Walidhani mtu husoma ili aepuke kazi ya mikono. Booker hakugombana nao. Alichukua shoka, akatangulia porini. Walipoona mwalimu mkuu haoni haya, wakamfuata.

Kisha walijaribu kuchoma matofali. Tanuri la kwanza liliharibika. La pili na la tatu pia. Fedha zikaisha. Booker aliweka rehani saa yake kwa dola 15, wakachoma tena. Mara ya nne matofali yaliiva. Wanafunzi wakajenga chuo kwa mikono yao, na majirani wakaja kununua matofali.

Wazazi wengine waliandika barua. Walitaka watoto wao wafundishwe vitabu tu. Booker hakubadili nia.

Si watu wote waliokubaliana naye. Mwaka 1903 msomi Mweusi W. E. B. Du Bois aliandika kumpinga. Alisema kwamba Booker hakudai vya kutosha haki ya kupiga kura na elimu ya juu. Wapo wengi wanaoona kwamba Du Bois alisema kweli. Kazi ya mikono ni nzuri, lakini mtu anahitaji na haki zake.

Booker alifariki tarehe 14 Novemba 1915, akazikwa Tuskegee. Chuo kilichoanza katika jengo bovu kilikuwa na majengo zaidi ya 100. Walimu waliotoka humo walikwenda vijijini. Cheti kilionyesha kwamba wamesoma. Kazi yao ndiyo iliyoonyesha kama ni walimu.

Maswali

1. Kwa nini Booker alipewa ufagio badala ya karatasi ya mtihani?
2. Aliona nini vijijini kabla ya kufungua chuo? Kilimsaidiaje?
3. Wazazi walilalamika nini? Je, walikuwa na haki?
4. Mwalimu mpya akija kijijini kwenu, mngependa awe na sifa gani? Jadilianeni.