Hugh Cairns, daktari aliyehesabu vichwa vya waendesha pikipiki

Katika kipindi chetu cha asubuhi kuhusu usalama barabarani tulipokea simu nyingi kuliko tulivyotarajia. Nyingi hazikuhusu trafiki wala faini. Zilihusu ile helmeti ya abiria, ile inayoning'inia kwenye usukani wa bodaboda siku nzima, imepigwa jua na mvua, mshipi umekatika, na haimkai mtu yeyote sawasawa. Mama mmoja alituambia kuwa yeye huipakata mapajani mpaka afike sokoni, kwa sababu akiivaa inamziba macho. Kijana mmoja wa kijiweni akauliza ni nani hasa aliyeamua kwamba kitu hiki lazima kivaliwe. Tulicheka studio, kisha tukaona ni swali zuri, tukaahidi kulijibu hapa kwa maandishi.

Jibu linatupeleka kwa Hugh Cairns, daktari wa upasuaji wa ubongo aliyefariki mwaka 1952. Tuseme mapema kwamba si yeye aliyeibuni helmeti. Mwaka 1914 daktari mwingine wa Uingereza, Eric Gardner, aliyekuwa akihudumu kwenye uwanja wa mbio wa Brooklands, alichoka kuwapokea waendeshaji waliopasuka vichwa, akatengeneza kofia za turubai lililokazwa kwa sheleki. Zilivaliwa mwaka huo huo kwenye mashindano ya pikipiki ya Isle of Man. Lakini kwa miaka zaidi ya 20 baada ya hapo helmeti ilibaki kuwa vazi la watu wa mbio. Aliyekwenda kazini kwa pikipiki, askari aliyebeba barua, kijana aliyempakia mchumba wake, wote walivaa kofia ya kitambaa au hawakuvaa chochote. Cairns ndiye aliyeonyesha kwa ushahidi kwamba hilo lilikuwa linaua watu.

Kutoka Australia hadi Oxford

Alizaliwa tarehe 26 Juni 1896 katika mji wa bandari wa Port Pirie, Australia Kusini. Baba yake alikuwa seremala aliyehamia kutoka Scotland. Alisoma udaktari Adelaide, lakini vita vya kwanza vya dunia vikamkatiza masomo, akajiandikisha jeshini kama askari wa kawaida wa kikosi cha tiba na kupelekwa kisiwa cha Lemnos, kule Ugiriki, walikokuwa wakitibiwa majeruhi wa Gallipoli. Alirudi, akamaliza shahada mwaka 1917, akapata ufadhili wa Rhodes wa kwenda Oxford. Kabla ya kuutumia alikwenda tena vitani, safari hii Ufaransa, akiwa daktari kamili.

Oxford alifika mwaka 1919. Alikuwa mtu wa nguvu, na mwaka 1920 alikuwa miongoni mwa wapiga makasia wa chuo hicho dhidi ya Cambridge katika mbio zao maarufu za mtumbwi kwenye mto Thames. Cambridge walishinda. Mwaka uliofuata alimwoa Barbara Smith, binti wa mkuu wa chuo alichokuwa akisoma.

Upasuaji wa ubongo wakati ule ulikuwa bado kazi ya kubahatisha. Madaktari wa kawaida wa upasuaji walifungua fuvu kama walivyofungua tumbo, na wagonjwa wengi walikufa. Mwaka 1926 Cairns alikwenda Boston, Marekani, akakaa mwaka mmoja chini ya Harvey Cushing, aliyekuwa bingwa wa dunia wa kazi hiyo. Cushing alifanya mambo polepole, akizuia damu tone kwa tone, na akiandika kila kitu. Cairns alirudi London na tabia zote hizo, hasa ile ya kuandika kila kitu. Tunaomba msomaji aikumbuke, maana mengine yote yaliyofuata yalitoka hapo.

Siku sita kando ya kitanda cha Lawrence

Tarehe 13 Mei 1935 mwanamume wa miaka 46 alikuwa akirudi nyumbani kwake Dorset, kusini mwa Uingereza, akiwa ametoka posta kupeleka simu ya maandishi. Alikuwa juu ya pikipiki aina ya Brough Superior, moja ya pikipiki zenye kasi kubwa zaidi za wakati ule. Barabara iliinuka na kushuka, na katika bonde mojawapo akawakuta ghafla wavulana wawili kwenye baiskeli. Alijaribu kuwakwepa, akarushwa mbele kupita usukani. Hakuwa na helmeti.

Mtu huyo alikuwa T. E. Lawrence, afisa aliyepata sifa duniani kwa kupigana pamoja na Waarabu dhidi ya Waturuki wa Dola ya Osmani, na ambaye wengi wetu tunamjua kupitia filamu ya mwaka 1962. Alikuwa ameacha jeshi la anga miezi michache tu nyuma. Madaktari kadhaa waliitwa kwenye hospitali ya kambi ya Bovington, Cairns akiwa mmoja wao. Hapakuwa na la kufanya. Lawrence hakuzinduka, na tarehe 19 Mei akafariki.

Hapa ndipo simulizi nyingi zinapoharakisha. Zinaeleza kana kwamba Cairns alitoka wodini akiwa na machozi, akaenda moja kwa moja kuanza kampeni ya helmeti. Inavutia, lakini kati ya kifo cha Lawrence na makala ya kwanza ya Cairns kuhusu helmeti ilipita miaka sita. Hatuna shaka kwamba kifo kile kilimgusa. Ila kifo cha mtu mmoja, hata awe mashuhuri namna gani, hakimpi daktari ushahidi. Kilichompa ushahidi ni vita.

Vita, giza na matarishi

Mwaka 1937 alikuwa amerudi Oxford kama profesa wa upasuaji, kwenye shule ya tiba iliyojengwa kwa pauni milioni mbili za Lord Nuffield. Nuffield, kwa wasiomjua, ni William Morris, fundi baiskeli aliyegeuka kuwa mtengenezaji mkubwa wa magari Uingereza. Kwa hiyo fedha za magari ndizo zilizolipia idara iliyokuja kuhesabu waliokufa barabarani.

Vita vilipoanza mwaka 1939 jeshi la Uingereza lilitegemea sana matarishi wa pikipiki kupeleka amri na barua. Usiku taa zilizimwa nchi nzima kwa kuogopa ndege za adui, na taa za vyombo vya moto zilifunikwa zikabaki kama macho ya paka. Vijana waliofundishwa haraka walipewa pikipiki nzito na kuambiwa wawahi. Cairns aliongoza hospitali ya kijeshi ya majeraha ya kichwa iliyofunguliwa mwaka 1940 katika majengo ya St Hugh's, chuo cha wanawake Oxford, na kufikia mwisho wa vita hospitali hiyo ilikuwa imepokea zaidi ya wagonjwa 13,000. Risasi na mabomu vilileta wengi. Lakini aliona pia foleni ya majeruhi ambao hawakuwahi kumwona adui, walioanguka barabarani ndani ya Uingereza yenyewe.

Makala yake ilitoka Oktoba 1941 katika jarida la madaktari wa Uingereza. Alionyesha kwamba katika miezi 21 ya kwanza ya vita waendesha pikipiki na abiria wao 2,279 walikufa katika ajali za barabarani, na jeraha la kichwa lilikuwa sababu kuu. Kisha akaleta kundi dogo kabisa: watu saba tu aliowaona wakiwa wamepata ajali huku wamevaa helmeti. Wote saba walipona.

Saba ni wachache. Mtu mbishi angesema ni bahati. Jeshi halikubisha. Novemba 1941 liliamuru matarishi wake wote wavae helmeti wakiwa kazini.

Cairns naye hakuishia kwenye saba. Mwaka 1943 yeye na mwanafizikia Holbourn walichapisha uchunguzi wa ajali 106 za watu waliovaa helmeti, wakilinganisha aina mbili zilizotumika, ya mpira mgumu na ya rojo la nyuzi lililogandishwa. Holbourn huyu anastahili aya yake. Alitengeneza mfano wa ubongo kwa jelatini, akauzungusha na kuugonga, akaonyesha kwamba kichwa kinapozungushwa kwa ghafla ubongo huvutika na kuchanika ndani hata kama fuvu halikupasuka. Fikiria maziwa ya mgando ndani ya kibuyu. Kibuyu ukikisukasuka kwa nguvu kitabaki kizima, ila yaliyomo hayatakuwa tena kama yalivyokuwa. Ndiyo maana majeruhi wa bodaboda anaweza kuamka, akazungumza, akaonekana mzima, na saa chache baadaye hali ikabadilika.

Mwaka 1946 Cairns alirudi na hesabu za vifo vya mwezi kwa mwezi, kuanzia 1939 hadi 1945. Baada ya Novemba 1941 idadi inashuka waziwazi. Msomaji makini atauliza kama si kwa sababu petroli ilikuwa ya mgawo na pikipiki barabarani zilipungua. Ni haki kuuliza. Lakini ukiunganisha hesabu hizo na wale majeruhi aliowachunguza mmoja mmoja, picha inakuwa vigumu kuikana. Alipendekeza raia wote wavae.

Raia hawakusikia

Vita vilipokwisha alipewa cheo cha heshima cha Sir. Desemba 1945 alirushwa kwa ndege hadi Heidelberg, Ujerumani, kumwona jenerali wa Marekani George Patton, aliyevunjika shingo gari lake lilipogongana na lori. Patton naye alifariki. Lawrence na Patton, wanajeshi wawili waliopita vitani salama, wote waliishia mikononi mwa daktari huyu kwa ajali ya barabarani.

Kuhusu kazi zake nyingine tutapita haraka: vikosi vya upasuaji wa ubongo vilivyohama na jeshi hadi karibu na mapigano, na majaribio ya penisilini kwa majeruhi wa Afrika Kaskazini mwaka 1943 akiwa na Howard Florey, Mwaustralia mwenzake kutoka Adelaide. Kila moja ingetosha makala.

Alifariki kwa saratani mjini Oxford tarehe 18 Julai 1952, akiwa na miaka 56. Siku hiyo raia wa Uingereza bado aliruhusiwa kupanda pikipiki kichwa wazi. Jimbo la Victoria, katika Australia alikozaliwa, lilitunga sheria ya kuvaa helmeti mwaka 1961. Uingereza ilisubiri hadi mwaka 1973, miaka 32 baada ya makala ya kwanza. Wabunge walibishana sana kuhusu uhuru wa mtu na kichwa chake.

Tukirudi kijiweni

Helmeti alizozipima Cairns zilikuwa ganda gumu lenye mikanda ndani. Ya leo ina kitu ambacho yeye hakukiona kikienea: tabaka nene la povu gumu, wazo lililopewa hati miliki Marekani mwaka 1953. Povu hilo linabonyea wakati wa kugonga na kuipunguza nguvu kabla haijafika kichwani. Likishabonyea halirudi. Kwa hiyo helmeti iliyopata ajali imekwisha kazi, hata kama rangi bado inang'aa, na ndiyo sababu tunawaonya wanaonunua za mtumba.

Sasa yule mama wa sokoni. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka 2008 ulikadiria kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Lakini lazima ibaki kichwani. Ile inayomziba macho itaruka kabla yeye hajagusa lami. Helmeti inayokaa sawa inabana kidogo kuzunguka kichwa chote bila kuuma sehemu moja, na ukingo wake unakaa juu kidogo ya nyusi. Ukitikisa kichwa inakwenda nawe, na ukiishika kwa mikono na kuizungusha, ngozi ya paji la uso inavutika nayo. Mshipi ufungwe chini ya kidevu ukiacha nafasi ya vidole viwili. Kisha ishike nyuma kwenye kisogo na ujaribu kuivua kwa kuisukuma mbele. Ikitoka, hiyo si yako. Anayeogopa jasho la abiria aliyetangulia anaweza kuvaa kitambaa chepesi ndani, ila si kofia nene ya sufi, maana hiyo inaipa helmeti nafasi ya kucheza.

Vijana wa kijiwe karibu na kituo chetu walituonyesha helmeti zao wiki hii. Kati ya tano za abiria tulizozishika, mbili zilikuwa na mshipi unaofungika. Mmoja wao amekwenda kununua nyingine, ya ukubwa wa kati, na amesema ile ya zamani atawekea misumari.