Wasifu wa Alexander Luria, Mtafiti wa Ubongo

Mtahiniwa, kumbuka kuwa wasifu ni maelezo ya maisha ya mtu yanayoandikwa na mtu mwingine. Husimuliwa katika nafsi ya tatu, hufuata mfululizo wa miaka, na huonyesha kwa nini mhusika anastahili kukumbukwa. Soma wasifu ufuatao, kisha ujibu maswali. Unaposoma, jiulize kama kujua la kufanya na kulifanya ni jambo moja.

Alexander Romanovich Luria alizaliwa tarehe 16 Julai 1902 katika mji wa Kazan nchini Urusi. Baba yake alikuwa daktari. Mapinduzi ya 1917 yalimkuta akiwa kijana wa miaka 15, na mwaka 1921 alihitimu Chuo Kikuu cha Kazan kabla hajatimiza miaka 20. Miaka miwili baadaye alihamia Moscow kufanya kazi katika Taasisi ya Saikolojia.

Mwaka 1924 alikutana na Lev Vygotsky, mtu aliyebadilisha fikra zake. Vygotsky alishikilia kwamba mtoto hujifunza kujitawala kwa njia ya lugha. Kwanza hutii maneno ya mama yake. Halafu huanza kujiamrisha mwenyewe kwa sauti. Mwishowe hujiamrisha kimoyomoyo, bila kufungua kinywa. Vygotsky alifariki mwaka 1934 kwa kifua kikuu akiwa na miaka 37 tu. Luria hakuliacha wazo la rafiki yake lizikwe naye. Aliingia darasani upya kusomea udaktari ili aone jinsi ubongo unavyoifanya kazi hiyo, akahitimu mwaka 1937.

Ujerumani ilipoivamia nchi yake mwaka 1941, Luria alipewa kazi ya kuongoza hospitali katika eneo la milima ya Ural. Huko walipelekwa askari waliojeruhiwa ubongo kwa risasi na vipande vya mabomu. Kazi yake ilikuwa kuwasaidia wajifunze upya kusema, kusoma na kufanya kazi. Mmoja wao, Zasetsky, alikuwa amepigwa risasi mwaka 1943, ikaharibu upande wa nyuma wa ubongo wake kwa kushoto. Hakuweza tena kusoma, na maneno yalimponyoka. Hata hivyo alijifunza upya kuandika, akaendelea kuandika habari za maisha yake kwa miaka zaidi ya 20, siku nyingine sentensi chache tu kwa kazi ya kutwa.

Sasa mlinganishe Zasetsky na wagonjwa wengine wa Luria, wale walioumia sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso. Wengi wao walizungumza vizuri na kukumbuka mambo, kiasi kwamba mgeni angedhani ni wazima. Luria alimwagiza mgonjwa wa aina hiyo agonge meza mara mbili kila daktari anapogonga mara moja, na agonge mara moja daktari anapogonga mara mbili. Mgonjwa aliweza kulirudia agizo bila kukosea. Lakini zoezi lilipoendelea, mkono wake ulianza kumwiga daktari. Akiambiwa achore duara moja, aliweza kuchora duara juu ya duara bila kukoma.

Hapo ndipo penye uzito wa utafiti wa Luria. Zasetsky alikuwa amepoteza mengi, ila sehemu ya mbele ya ubongo wake ilikuwa salama, hivyo aliweza kuweka lengo na kulifuata. Wale wengine walibaki na maarifa yao, lakini maarifa hayo hayakuongoza tena matendo yao. Kujua agizo na kujitawala ili ulitimize, basi, ni kazi mbili tofauti za ubongo.

Mwaka 1950, wakati wanasayansi wa Kisovieti walipokuwa wakiandamwa na shinikizo la kisiasa, Luria aliondolewa katika taasisi ya upasuaji wa ubongo. Alihamia taasisi iliyoshughulikia watoto wenye ulemavu. Wengine wangekata tamaa, lakini yeye aliitumia nafasi hiyo kurudi kwenye wazo la Vygotsky. Alimpa mtoto kipira cha kubinya na kumwagiza akibinye taa ikiwaka. Watoto wadogo sana waliweza kuanza kubinya, lakini kuacha kuliwashinda, na hata agizo la kuacha liliwafanya wabinye zaidi. Walipofikia miaka kama mitatu au minne, kujisemea kwa sauti kuliwasaidia kwenda sawa na taa. Walipokua zaidi hawakuhitaji tena kusema, kwani maneno yalikuwa yamehamia ndani.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Luria alirejea kwa wagonjwa wa ubongo. Katika maandishi yake alieleza kuwa ubongo hufanya kazi kwa mafungu matatu yanayoshirikiana. La kwanza huuweka mwili macho. La pili hupokea na kutunza habari. La tatu, lililo mbele, hupanga, huongoza na kukagua matendo. Alifariki mjini Moscow tarehe 14 Agosti 1977. Hadi leo madaktari humwambia mgonjwa aonyeshe ngumi, kisha ubavu wa kiganja, kisha kiganja bapa, kwa mfululizo bila kukosea. Jaribio hilo linatokana na kazi yake.

Wewe mtahiniwa, ubongo wako ni mzima, lakini hata ubongo mzima huteleza ukiharakishwa. Swali linasema ueleze, nawe unataja. Linataka hoja tatu, nawe unaandika sita. Mara nyingi hukosi maarifa, bali agizo limekuponyoka katikati ya kazi. Kabla ya kuandika, jisemee kimoyomoyo swali linataka nini, na ukimaliza, rudi ukague.

Maswali
1. Taja mambo mawili yanayoonyesha kuwa kifungu hiki ni wasifu. (alama 2)
2. Eleza tofauti kati ya Zasetsky na wagonjwa walioumia sehemu ya mbele ya ubongo. (alama 4)
3. Jaribio la kipira na taa liliunga mkono wazo gani la Vygotsky? Fafanua. (alama 4)
4. Fupisha aya ya saba, inayohusu yaliyotokea mwaka 1950, kwa maneno yasiyozidi 40. (alama 5)