Baden-Powell: Mpelelezi wa vita aliyegeuza usakaji kuwa mchezo wa vijana

KATIKA makaburi ya Kanisa la Mtakatifu Petro mjini Nyeri, lipo jiwe lililochorwa duara lenye nukta katikati. Mgeni asiyeujua uskauti huenda akalipita akidhani ni pambo tu. Skauti hulisoma mara moja. Hiyo ni alama ambayo anayetangulia huwaachia wenzake mwishoni mwa njia, kuwaarifu kwamba msako umekwisha naye amerudi nyumbani.

Aliyezikwa hapo ni Robert Baden-Powell, mwasisi wa uskauti duniani, aliyeaga dunia Januari 8, 1941 akiwa na umri wa miaka 83. Maisha yake yalikuwa ya kuficha na kufichua. Sehemu kubwa ya ujuzi huo aliupata barani Afrika, na si yote aliyoyatenda huku yanayostahili sifa.

Alizaliwa jijini London Februari 22, 1857. Baba yake, profesa katika Chuo Kikuu cha Oxford, alifariki Robert akiwa na miaka mitatu, mama akabaki na mzigo wa kuwalea watoto. Shule yake, Charterhouse, ilihamia Godalming mwaka wa 1872, karibu na msitu ambao wanafunzi hawakuruhusiwa kuuingia. Robert aliuingia. Humo alijifunza kutega sungura, kuwapika kwa moto usiofuka moshi, na kujibanza kimya hadi walimu wapite bila ya kumwona.

Mwaka wa 1876 alijiunga na jeshi la Uingereza akapelekwa India. Baadaye alitumwa kufanya ujasusi katika nchi za Mediterania. Kwa maelezo yake mwenyewe, alijifanya mtu anayekusanya vipepeo, akawa anachora ramani za ngome ndani ya michoro ya mabawa yao. Askari waliomkagua waliona vipepeo tu.

Hata hivyo, mwalimu wake mkuu alikuwa Afrika. Mwaka wa 1896 alipelekwa katika vita dhidi ya Wandebele, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Katika milima ya Matopo alijifunza kufuata nyayo, kwa msaada wa Mmarekani Frederick Burnham na wa mwenzake Mwafrika, Jan Grootboom.

Kisa kimoja cha wakati huo alikisimulia tena na tena. Akiwa nyikani na Mwafrika mjuzi wa nyayo, waliona nyasi zilizolala. Mwenziwe akaokota jani la mti usioota karibu na pale, nalo lilikuwa likinuka pombe. Kutokana na jani hilo wakang'amua kwamba wanawake walikuwa wamepita alfajiri, wakiwabebea wapiganaji vilimani pombe katika vyungu vilivyozibwa kwa majani. Aliyeliokota jani hakutajwa jina. Sifa za kisa hicho zilimwendea Baden-Powell.

Vita hivyo vilimwachia pia doa. Aliidhinisha kuuawa kwa kupigwa risasi kwa chifu Uwini, mateka aliyekuwa na jeraha. Uchunguzi wa kijeshi ulimwondolea lawama, lakini suala hilo limebaki katika kumbukumbu zake. Alipenda kusema kwamba Wandebele walimwita Impeesa, jina alilolifasiri kuwa mbwa-mwitu asiyelala. Neno lenyewe linamaanisha fisi.

Umaarufu wake ulitokana na Mafeking, Afrika Kusini, mji aliouongoza ulipozingirwa na Makaburu kwa siku 217, kuanzia Oktoba 1899 hadi Mei 1900. Waingereza walimpokea kama shujaa. Ndani ya mji huo Waafrika walipewa chakula kidogo kuliko Wazungu, na wengi wao walikufa kwa njaa. Wanahistoria wangali wanabishana kuhusu kiasi cha lawama anachostahili. Vilevile, Wabarolong walioshika silaha kuulinda mji hawakutukuzwa kama yeye. Baadhi ya yaliyotokea tunayajua kwa sababu kijana mmoja mkalimani wa mahakama, Sol Plaatje, alikuwa akiandika shajara.

Aliporejea kwao, Baden-Powell aligundua kwamba kitabu alichowaandikia askari kuhusu upelelezi kilikuwa kinasomwa na watoto. Hapo ndipo alipopata wazo la kuuondoa ujuzi huo vitani na kuufanya mchezo. Agosti 1907 aliwapeleka wavulana wapatao 20, wa matajiri na wa maskini pamoja, kupiga kambi katika Kisiwa cha Brownsea. Mwaka uliofuata alichapisha kitabu cha uskauti kwa vijana.

Humo aliwafunza alama za njiani. Mshale ni njia ya kufuata, na msalaba ni njia isiyopitwa. Mraba wenye namba na mshale huarifu kwamba barua imefichwa umbali wa hatua kadhaa upande ule. Skauti huhesabu hatua, hupekua chini ya mawe, huipata barua na kuendelea na safari.

Anayeujua mchezo wa siku hizi uitwao jiokashingi ataona undugu hapo. Mchezo huo ulianza Mei 3, 2000 katika jimbo la Oregon, Marekani, siku moja baada ya serikali ya nchi hiyo kuacha kupotosha mawimbi ya setilaiti kwa raia. Mtu mmoja alificha ndoo yenye daftari na vitu vidogo vidogo, kisha akatangaza vipimo vya mahali ilipo ili wengine waitafute. Tangu mwaka wa 2010, maskauti wa Marekani wamekuwa na beji ya mchezo huo. Setilaiti imechukua nafasi ya mshale wa mawe, lakini macho ya mtafutaji bado ndiyo yanayokipata kilichofichwa.

Uskauti ulienea upesi na kufika Kenya mwaka wa 1910. Lakini udugu uliohubiriwa haukuvuka daima mpaka wa rangi. Nchini Afrika Kusini vijana Waafrika walitengwa katika chama chao, na mwasisi aliukubali mpango huo. Utengano huo ulikomeshwa mwaka wa 1977.

Mwaka wa 1938, akiwa mgonjwa, alihamia Nyeri na mkewe Olave. Nyumba yao, Paxtu, ilijengwa katika uwanja wa hoteli ya Outspan, iliyokuwa ya Eric Walker, aliyewahi kuwa katibu wake. Pax ni amani kwa Kilatini, hivyo msomaji wa Kiswahili atasikia humo amani tu. Akiwa hapo alichora wanyama na kuutazama Mlima Kenya hadi mauti yalipomfika. Majivu ya Olave yalizikwa kando yake baada ya kifo chake mwaka wa 1977.

Kila Februari maskauti husafiri hadi Nyeri kumkumbuka. Ni vyema wakisimama mbele ya duara lile wasimuliwe pia habari za Uwini, za njaa ya Mafeking, na za yule Mwafrika aliyeokota jani. Yeye mwenyewe aliwafunza wafuasi wake kwamba mpelelezi hodari haachi dalili yoyote bila kuisoma.